Thaler, Mark au Rupia: Uanze na Sarafu Ipi ya Fedha ya Kijerumani?

Mtu akiniambia anataka kukusanya sarafu za kale za fedha za Wajerumani, humuuliza kwanza: Wajerumani wepi? Kabla ya 1871 hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani. Walikuwepo wafalme, kama wa Prussia, Bavaria, Saksonia na Württemberg, na pia madyuki, maaskofu na miji huru, na kila mmoja alifua sarafu zake, akaweka juu yake uso wake au nembo yake. Baada ya 1871 ikaja dola yenye Kaisari, lakini wafalme walibaki vitini mwao, na nyuso zao zikabaki kwenye sarafu. Kisha pwani yetu ikaletewa sarafu ya tatu: rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Hayo ndiyo marundo matatu ninayoyalinganisha hapa: thaler, zile sarafu kubwa za fedha za kabla ya dola, mark za enzi ya Kaisari, na rupia. Dhahabu nimeiacha kando. Fedha ya baada ya 1918 nayo nimeiacha, kwa kuwa mwaka huo wafalme wote wa Kijerumani waliondoka, na mimi nawaandikia wale wanaotaka kumjua mtawala aliye nyuma ya sarafu.

Nitapima kila rundo kwa mambo matano: fedha iliyomo, mtawala na habari zake, urahisi wa kuipata na gharama yake, hatari ya bandia na uharibifu, na mwisho kama mkusanyo wenyewe una ukomo. Sitaficha kwamba kwangu la pili lina uzito kuliko mengine. Fedha tupu utaipata hata kwenye bangili.

Fedha iliyomo

| Sarafu | Uzito (gramu) | Fedha katika sehemu 1000 | Fedha halisi (gramu) |
|---|---|---|---|
| Thaler ya mapatano ya 1753 (Bavaria na jirani zake) | 28.06 | 833 | 23.39 |
| Thaler ya Prussia, kiwango cha 1750 | 22.27 | 750 | 16.70 |
| Thaler ya muungano, 1857–1871 | 18.52 | 900 | 16.67 |
| Mark 5 | 27.78 | 900 | 25.00 |
| Mark 3 | 16.67 | 900 | 15.00 |
| Mark 2 | 11.11 | 900 | 10.00 |
| Rupia 1 | 11.66 | 917 | 10.69 |

Hesabu ya mark ni nyepesi: kila mark moja ina gramu 5 za fedha halisi, basi. Thaler zinahitaji uangalifu zaidi, maana viwango vilibadilika kutoka nchi hadi nchi na kutoka vita hadi vita. Wageni wengi huchanganya thaler ya muungano, yaani ile ya kiwango kimoja kilichokubaliwa na nchi nyingi, na mark 3, na wana sababu: zote zina kipenyo cha milimita 33. Thaler hiyo iliendelea kupokewa kama mark 3 hadi 1907, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kutoa mark 3 yake yenye upana uleule, ila fedha imepungua gramu 1.67. Ukiziweka zote mbili kiganjani utausikia utofauti.

Rupia haifuati kipimo chochote cha Ujerumani. Uzito wake ni wa rupia ya India ya Waingereza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa tayari mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Mjerumani alikuta biashara ina kipimo chake, akakifuata, akabadilisha uso tu. Kwa hesabu rasmi rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20.

Watawala na habari zao

Kwenye thaler, mtawala ni mwenye sarafu kwelikweli. Chukua Friedrich II wa Prussia, aliyetawala 1740 hadi 1786. Thaler zake za mwanzo zinamwonyesha kijana mwenye mashavu. Za miaka ya mwisho zina mzee aliyekonda, pua imechongoka. Ni wafalme wachache waliokubali kuzeeka hivyo mbele ya raia wao. Lakini huyohuyo, katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763), aliikalia Saksonia, akatumia viwanda vyake kutoa sarafu zenye jina la mtawala wa Saksonia, August III, huku fedha yake imepunguzwa sana. Aliyezipokea sokoni alipokea jina la mfalme mmoja na hila ya mwingine. Kwa mkusanyaji hiyo ni habari kubwa: sarafu ya enzi hizo ilikuwa ahadi ya mfalme, na ahadi ilivunjwa kwa kuongeza shaba.

Bavaria ina ladha nyingine. Thaler za Maximilian III Joseph zina Bikira Maria na Mtoto upande wa nyuma, zikimtaja kuwa mlinzi wa Bavaria. Karne iliyofuata Ludwig I (1825–1848) akazifanya thaler kuwa kitabu cha matukio ya nchi yake, na mchongaji wake Carl Friedrich Voigt alikuwa fundi hasa. Ile ya 1828 ina malkia Therese na watoto wanane, kila mmoja na uso wake, wamepangwa ndani ya duara lisilozidi kiganja cha mtoto. Nimeitazama kwa lenzi mara nyingi na bado sijaichoka. Saksonia nayo, nchi ya machimbo ya fedha, ilitoa thaler zilizofuliwa kwa fedha ya migodi yake yenyewe, zikiwa na maneno yanayoombea machimbo baraka.

Hata neno lenyewe lina safari. Sarafu kubwa za fedha za Joachimsthal, bonde la machimbo huko Bohemia, zilianza kutolewa karibu na 1520, zikaitwa Joachimsthaler, zikafupishwa kuwa thaler, na huko ndiko lilikotoka jina la dola, ile sarafu ya Marekani. Wenzetu waliokuwa wakiiita shilingi 5 "dala", na wanaopanda daladala leo, wanalitamka bonde hilo bila kujua.

Kwenye mark mambo yamegawanyika. Upande mmoja una mtawala wa nchi yake, au nembo ikiwa ni mji huru wa Hamburg, Bremen au Lübeck. Upande wa pili una tai wa dola, kwa wote uleule. Mfalme anaonekana, lakini mgongoni amebeba tai wa mtu mwingine. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Otto wa Bavaria. Alirithi ufalme 1886 akiwa mgonjwa wa akili na tayari amewekwa katika kasri la Fürstenried karibu na München, na nchi ikaendeshwa na Luitpold, baba yake mdogo. Lakini mark 2, 3 na 5 za Bavaria ziliendelea kutoka na kichwa cha Otto hadi 1913, alipoondolewa rasmi. Ni mfalme ambaye raia walimshika mkononi kila siku, naye hakutawala hata siku moja.

Prussia, ambayo mfalme wake ndiye aliyekuwa Kaisari, ina mwaka 1888. Wilhelm I alifariki tarehe 9 Machi, mwanawe Friedrich III akashika kiti akiwa tayari na saratani ya koo, akakaa siku 99, akafuatiwa na Wilhelm II. Sarafu za Friedrich III zina mwaka huo mmoja tu. Wengi hudhani kwa hiyo ni adimu. Sivyo, zilitolewa nyingi na watu wakazitunza kwa kumbukumbu. Zinazosumbua kupatikana ni za Wilhelm II zenye mwaka huohuo 1888.

Na hapa naomba usikilize, maana nimeona watu wazima wakikosea: palikuwa na Wilhelm II wawili kwa wakati mmoja. Mmoja ni Kaisari na mfalme wa Prussia. Mwingine ni mfalme wa Württemberg (1891–1918), ambaye watu wa Stuttgart walimzoea akitembea barabarani na mbwa wake. Soma maandishi yote yanayozunguka uso, na utafute herufi ndogo ya kiwanda: F ni Stuttgart, A ni Berlin. Nyingine ni D ya München, E ya Saksonia, G ya Karlsruhe na J ya Hamburg.

Rupia ina mtawala mmoja tu, Kaisari Wilhelm II. Kwenye mark za kawaida za kwao yuko kichwa wazi. Kwenye rupia amevaa helmeti yenye tai aliyetanua mbawa, na jina lake limeandikwa Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Nyumbani alionyeshwa kama mfalme miongoni mwa wafalme. Kwetu alivalishwa kivita. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Wala huo haukuwa utaratibu wa makoloni yote, kwani mark za fedha za New Guinea ya Kijerumani za 1894 zina ndege wa peponi, hakuna uso wa mtu.

Rupia za kwanza, za 1890 hadi 1902, si za serikali. Ni za kampuni, ile Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na upande wa nyuma una nembo yake yenye simba na mnazi. Kuanzia 1904 serikali ikachukua kazi hiyo, ikaandika Deutsch Ostafrika, ikafuta mgawanyo wa pesa 64 na kuweka heller 100 kwa rupia. Heller ndiyo hela tuliyonayo mdomoni hadi leo. Kodi ya nyumba ilivyozidi kudaiwa taslimu, rupia ikawa kitu ambacho mtu lazima akitafute, kwa kibarua ikibidi. Ukishika rupia ya 1905, 1906 au 1907, umeshika sarafu iliyofuliwa Ulaya katika miaka ileile ya Vita vya Maji Maji. Wapo wasioweza kuiweka nyumbani kwa sababu hiyo, nami nawaelewa. Mimi naiweka kwa sababu hiyohiyo.

Kupatikana na gharama

Kwa anayeishi Ulaya, thaler za Prussia za 1857 hadi 1871 ni rahisi kuzipata, hasa ile ya kutawazwa Wilhelm I na Augusta huko Königsberg mwaka 1861, na ile ya ushindi ya 1871. Zilitolewa kwa wingi. Ukirudi nyuma kuelekea miaka ya 1700 gharama inapanda haraka, na hali ya sarafu ndiyo inayoamua bei kuliko umri. Afrika Mashariki utakutana na thaler moja tu mara kwa mara, ile ya Maria Theresia yenye mwaka 1780, ambayo pwani na Uarabuni ilikuwa reale ya biashara. Huyo ni mtawala wa Austria, ila sarafu hiyo ilifuliwa pia Günzburg, mji ambao leo uko Bavaria.

Mark ndizo rahisi kuliko zote kwa nchi kubwa: Prussia, Bavaria, Saksonia, Württemberg, pamoja na Hamburg. Nchi ndogo kama Reuss, Waldeck na Schaumburg-Lippe ni hadithi nyingine. Sarafu zao zilitolewa chache na bei yake humkatisha mtu pumzi. Kileleni kabisa kuna mark 3 ya Saksonia ya 1917 yenye Friedrich der Weise, mtawala wa kale wa nchi hiyo aliyemlinda Luther, iliyofuliwa kwa miaka 400 ya Matengenezo ya Kanisa: 100 tu.

Rupia 1 si adimu, na ndiyo hasa kati ya marundo haya ambayo mtu wa Tanga, Bagamoyo, Bujumbura au Kigali anaweza kuikuta kwenye sanduku la bibi yake, maana Rwanda na Burundi nazo zilikuwa ndani ya koloni lilelile. Nusu na robo rupia nzuri zinahitaji subira. Rupia 2, zilizotolewa 1893 na 1894 pekee, ni ghali popote. Na jambo la kusikitisha: rupia zilizo safi kabisa mara nyingi huuzwa kwenye minada ya Ujerumani, zilikobaki bila kutumika.

Bandia na uharibifu

Zote tatu hughushiwa. Kipimo cha kwanza ni sumaku, kwa sababu fedha haivutwi. Cha pili ni mizani ndogo ya sonara. Cha tatu ni maji: pima sarafu ikiwa hewani, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji upime tena. Mark 5 halisi hupungua karibu gramu 2.7, thaler ya muungano karibu 1.8, rupia karibu 1.1. Tofauti kubwa ina maana si fedha ya kiwango hicho. Lakini bandia iliyotengenezwa kwa fedha nzuri itapita vipimo vyote vitatu, kwa hiyo sarafu ya bei kubwa inunuliwe kwa muuzaji anayekubali kuipokea tena akiwa amekosea.

Thaler husumbua kwa nakala na kwa kutolewa upya. Mwaka 1780 kwenye ile ya Maria Theresia hauthibitishi umri wowote. Yeye alifariki mwaka huo, na viwanda vingi viliendelea kuifua kwa vizazi na vizazi. Mark husumbua kwenye adimu na kwenye tofauti ndogondogo. Kwa mfano, mark 3 ya Württemberg ya 1911, ya miaka 25 ya ndoa ya mfalme, ina aina adimu ambayo ufito wa herufi H katika jina CHARLOTTE uko juu zaidi, na wapo wanaoichezea herufi hiyo.

Rupia haina tatizo kubwa la nakala kama ilivyo na tatizo la mapenzi. Watu waliipenda, wakaitoboa, wakaitia kitanzi, wakaivaa shingoni. Rupia yangu ya kwanza niliinunua inang'aa kama kioo, nikajiona nina bahati. Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na ndimu, na kitundu chake kimezibwa kwa lehemu nyeupe. Muuzaji hakuniambia, nami sikujua kuuliza. Weusi wa asili kwenye fedha ni ngozi yake. Ukiusugua umechubua na michoro, na haurudi.

Ukinunua kwenye orodha za Kijerumani, jifunze maneno manne. *Ss* ni sarafu iliyotumika lakini michoro ipo, *vz* ni iliyotumika kidogo sana, *st* ni kama ilivyotoka kiwandani. La nne ndilo wengi hulipita: *Henkelspur*, alama ya kitanzi kilichokuwa kimeunganishwa. Herufi J. yenye namba ni orodha ya Jaeger, na Dav. ni ya Davenport inayohusu thaler.

Je, mkusanyo una ukomo?

Thaler hazina ukomo. Huwezi kuzimaliza, na asiyekubali hilo atateseka. Dawa yake ni kujifunga kwa mfalme mmoja au nchi moja.

Mark zinaweza kufungwa kwa njia kadhaa: mji mmoja, mfalme mmoja, au Makaisari watatu kwa sarafu za mark 2. Hapo angalia, mark 2 za Wilhelm I ziliishia 1884, hivyo usitafute ya 1888. Chukua ya mwaka wowote, kisha ya Friedrich III ya 1888, kisha ya Wilhelm II ya mwaka wa bei nafuu.

Rupia ndiyo iliyofungika vizuri zaidi. Kwa aina, sarafu za fedha ni saba tu: za kampuni ni robo, nusu, 1 na 2, za serikali ni robo, nusu na 1. Sita zinawezekana kwa mtu wa kipato cha kawaida akiwa mvumilivu. Ya saba, rupia 2, inaweza kungoja miaka.

Kulingana na hali yako

Kama uko Ujerumani au jirani, una duka la sarafu karibu na kipato chako ni cha mwezi hadi mwezi, anza na mark. Makosa yake ni nafuu, na utajifunza kutambua hali ya sarafu kabla ya kugusa kitu cha thamani.

Kama unachopenda ni uchongaji na historia ya Ulaya ya zamani, na huna haraka, nenda kwenye thaler. Nunua moja nzuri kwa mwaka badala ya kumi zilizochakaa. Ludwig I kwa mpenda picha, Friedrich II kwa mpenda siasa.

Kama nia yako ni kuweka akiba ya fedha tu, mark 5 zilizochakaa za Prussia zina gramu nyingi kwa bei isiyo na nyongeza kubwa ya wakusanyaji. Linganisha kila mara na bei ya fedha ya siku hiyo kabla ya kulipa.

Kama uko Tanzania, Burundi au Rwanda, au umetoka huko, na unataka sarafu utakayoweza kuwasimulia watoto kwa lugha yao wenyewe, ni rupia. Mwalimu wa historia pia simwelekezi kwingine. Ukitaka kuitoa nchini, kaulize kwanza mamlaka ya mambo ya kale ya nchi yako.

Na kama hukununua, bali rupia yenye kitundu imekufikia kwa urithi, usiisugue wala usimpe sonara aiyeyushe. Kwenye mnada kitundu kinaishusha bei, ila nyumbani kwako kinaeleza ni nani aliivaa. Iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na juu yake andika jina la bibi huyo, kijiji chake, na aliyeipokea kutoka kwake, kabla wanaojua hawajaondoka.